Jinsi ya Kueleza Itifaki ya Usafirishaji, Kijenzi kwa Kijenzi

Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kueleza kwa maandishi, kabla ya kuigusa programu yenyewe, itifaki ya tabaka la usafirishaji, yaani kanuni za mawasiliano zinazokaa kati ya IP, itifaki ya intaneti ambayo kazi yake ni kuipeleka pakiti (kipande kidogo cha data) kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na programu tumizi, ambayo ingependa kuamini kwamba kila ilichokituma kimefika. Mfano nitakaoutumia ni wa kazi niliyoifanya na wenzangu wawili hapa Moshi: visanduku kumi na viwili vya kupimia mvua na unyevu wa udongo, vilivyofungwa katika mashamba ya kahawa kuanzia Kibosho hadi Uru, kila kimoja kikiwa na laini ya simu, betri na kamera ndogo ya kupiga picha za majani, vyote vikituma taarifa kwa kompyuta moja iliyoko ofisini mjini.

Kwa kazi nyingi jibu sahihi ni kutumia TCP, itifaki ya usafirishaji ya intaneti iliyokwisha kuwepo, na kwenda kulala. Sisi tulikuwa na visanduku vinavyoamka kila baada ya dakika 15, kutuma baiti chache na kulala tena ili kutunza betri, na gharama ya kufungua muunganisho mpya kila mara ilituuma. Nikiri pia kwamba tulitaka kujifunza, na hakuna njia ya kuijua TCP inayozidi kujaribu kutengeneza mdogo wake.

Hatua ya kwanza: orodhesha kasoro za njia

Chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati. Upande wa kushoto andika kila ubaya ambao njia inaweza kukufanyia. IP haitoi ahadi yoyote zaidi ya kujitahidi: pakiti inaweza kupotea, inaweza kufika mara mbili, inaweza kufika nyuma ya iliyotumwa baada yake, inaweza kuharibika biti kadhaa, na inaweza kuchelewa kwa muda usiotabirika. Ongeza kasoro mbili ambazo si za njia bali za wenye njia, yaani kwamba mpokeaji anaweza kuzidiwa na kwamba watumaji wengine nao wanaitumia njia hiyo hiyo.

Upande wa kulia uache wazi. Kila kijenzi utakachokibuni kitaandikwa hapo, mkabala na kasoro kinayoitibu, na kijenzi kisicho na kasoro ya kuitibu hakiingii. Sharti hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililotuokoa tusiweke katika itifaki yetu mambo tuliyoyaona kwingine na kuyapenda tu kwa sura.

Umbali nao uandike, kwa sababu unadanganya. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mtandao husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi ingepaswa kuchukua chini ya milisekunde moja. Ukipima utapata zaidi sana. Kama mtumaji na mpokeaji wako kwenye mitandao ya kampuni mbili tofauti, pakiti inaweza kushuka hadi Dar es Salaam ndipo ipande tena, isipokuwa kampuni hizo zimeunganishwa karibu, kama inavyowezekana katika kituo cha kubadilishana trafiki cha Arusha, AIXP. Mtandao wa simu nao huongeza kusubiri kwake. Kwa hiyo pima, usikisie. Sisi tulipata wastani wa milisekunde 300, wenye kupanda na kushuka kwingi.

Hatua ya pili: chora kichwa cha pakiti

Itifaki mpya leo haijengwi moja kwa moja juu ya IP, kwa kuwa ruta na kuta za moto (vichujio vya usalama wa mtandao) nyingi hutupa chochote kisichokuwa TCP au UDP. Hujengwa juu ya UDP, itifaki nyepesi iliyoelezwa mwaka 1980 katika RFC 768, mmojawapo wa nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti, wenye kurasa tatu tu. UDP inakupa vitu viwili: poti, ambazo zinaitofautisha programu moja na nyingine ndani ya kompyuta ile ile, na jumla ya ukaguzi, yaani namba inayohesabiwa kutokana na data ili uharibifu ugundulike. Kichwa chake, yaani maelezo yanayotangulia data, ni baiti 8: poti ya mtumaji, poti ya mpokeaji, urefu na jumla hiyo, kila kimoja biti 16.

Juu yake weka kichwa chako. Chetu kilikuwa baiti 16: baiti moja ya toleo na aina ya pakiti, moja ya alama, nne za kitambulisho cha muunganisho, nne za namba ya mfuatano, nne za uthibitisho, na mbili za dirisha. Andika pia kwamba katika namba zote baiti yenye thamani kubwa zaidi hutangulia, kama ulivyo utaratibu wa intaneti, maana kichakataji cha kisanduku na cha kompyuta ya ofisini huenda vinazipanga kinyume.

Kitambulisho cha muunganisho kinastahili maelezo, kwa sababu TCP haina. TCP inautambua muunganisho kwa anwani mbili na poti mbili. Katika mitandao ya simu wateja wengi hugawana anwani moja ya nje, na kifaa kinachowagawia husahau poti ya mteja aliyekaa kimya kwa muda. Kisanduku kikiamka baada ya dakika 15, kompyuta ya ofisini inaona poti mpya na kudhani ni mgeni. Ukiweka kitambulisho ndani ya kichwa chako, poti ibadilike itakavyo, mazungumzo yanaendelea pale yalipoishia. QUIC, itifaki iliyopitishwa Mei 2021 katika RFC 9000, ina kitambulisho kwa sababu ya namna hii hii.

Ukubwa wa pakiti yako, bila kuhesabu vichwa vya UDP na IP, usizidi baiti 1,200 bila sababu. Mitandao mingi hubeba 1,500, lakini njiani mna mahandaki, yaani njia zinazoifunga pakiti ndani ya pakiti nyingine, yanayopunguza nafasi, na pakiti inayokatwa vipande hupotea yote kipande kimoja kikipotea. Tukiondoa kichwa chetu, tulibakiwa na baiti 1,184 za data.

Hatua ya tatu: ukaguzi wa uharibifu

Hapa sitakaa sana. Jumla ya ukaguzi ya UDP na TCP hujumlisha maneno ya biti 16, na kwa kuwa kujumlisha hakujali mpangilio, maneno mawili yakibadilishana nafasi jumla haibadiliki. Kama data yako ni ya thamani, ongeza CRC, namba ya ukaguzi iliyo makini zaidi, ya biti 32 mwishoni mwa kila faili zima, si lazima kila pakiti. Pakiti iliyoharibika itupwe kimya kimya na kuhesabiwa kuwa imepotea. Usibuni ujumbe wa kulalamika, kwani pakiti iliyoharibika huenda hata anwani yake si ya kuaminika.

Hatua ya nne: namba za mfuatano

Namba moja inatibu kasoro tatu kwa pamoja: kupotea hujulikana kwa pengo, kurudiwa kwa namba iliyokwisha onekana, na kuvurugika kwa mpangilio kwa namba iliyotangulia wenzake. Lazima uamue unahesabu nini. TCP huhesabu baiti, hivyo ikituma upya inaweza kuzigawa baiti zile zile kwa vipande vya ukubwa mwingine. QUIC huhesabu pakiti, na namba ikishatumika hairudiwi kamwe. Data inayotumwa upya hupanda pakiti yenye namba mpya, nayo data hubeba ndani yake alama ya mahali pake katika mkondo. Sisi tulianza kwa njia ya TCP, tukahamia ya pili, na sababu utaiona kwenye hatua ya kipima muda.

Eleza pia namba zikiisha itakuwaje. Biti 32 zinatosha kuhesabu baiti bilioni 4.29 kisha zinarudi sifuri. Kwa kasi ya gigabiti moja kwa sekunde hilo hutokea ndani ya sekunde 34 hivi. Kwa vipima mvua halitatokea kesho, lakini mtu atakayeirithi kazi yako asikute ukimya mahali palipohitaji sentensi.

Hatua ya tano: uthibitisho wa kupokea

Mpokeaji hana budi kumjulisha mtumaji kilichofika. Njia ya mkato ni uthibitisho wa jumla: "Nimepokea vyote kabla ya namba 58." Uzuri wake ni kwamba uthibitisho mmoja ukipotea, unaofuata unaufidia. Ubaya ni kwamba namba 58 ikipotea na 59 hadi 90 zikafika, mpokeaji anabaki akirudia neno lile lile, na mtumaji hajui kama amekosa moja au thelathini. Ndiyo maana mwaka 1996 TCP iliongezewa uthibitisho wa kuchagua, unaotaja mafungu yaliyofika licha ya pengo.

Kurudiarudia huko, hata hivyo, kuna faida yake. TCP husubiri marudio matatu ya uthibitisho ule ule ndipo iichukulie pakiti kuwa imepotea na kuituma upya bila kungoja kipima muda. Moja au mawili yangeweza kuwa ni mpangilio uliovurugika tu.

Hatua ya sita: kipima muda

Hapa ndipo tulipoumia, kwa hiyo nitakaa.

Mtumaji asiposikia uthibitisho, atume upya baada ya muda gani? Sisi tuliandika "sekunde moja" na kusonga mbele, kwa kuwa tulipima milisekunde 300 na sekunde moja ilionekana ni ukarimu. Miezi miwili ilikwenda vizuri. Kisha usiku mmoja wa masika mnara wa simu ulizimika, visanduku vikahifadhi vipimo na picha za usiku mzima, na uliporudi saa kumi na mbili asubuhi vyote kumi na viwili vikaanza kutuma kwa pamoja. Foleni ndani ya mtandao wa simu ikarefuka, safari ya kwenda na kurudi ikapita sekunde tatu. Uthibitisho ulikuwa njiani unakuja, lakini saa yetu ilishagonga mara tatu, na kila pakiti ilishatumwa mara nne. Nakala hizo nazo ziliingia kwenye foleni ile ile na kuirefusha. Kabla ya saa sita mchana visanduku saba vilikuwa vimemaliza bando la mwezi, na mzee anayesimamia fedha za chama cha ushirika aliniuliza kwa upole unaouma kuliko ukali: "Mwanangu, mvua yenyewe ilinyesha kiasi gani hata itugharimu hivi?"

Dawa imo katika RFC 6298, na ni hesabu ya kawaida. Weka wastani laini wa muda wa safari na kadirio la mtawanyiko wake. Kipimo cha kwanza kinakuwa wastani, na nusu yake inakuwa mtawanyiko. Baada ya hapo, kwa kila kipimo kipya, mtawanyiko mpya ni robo tatu za ule wa zamani kujumlisha robo ya tofauti kati ya kipimo hicho na wastani wa zamani, kisha wastani mpya ni sehemu saba za nane za ule wa zamani kujumlisha sehemu moja ya nane ya kipimo. Muda wa kusubiri ni wastani kujumlisha mtawanyiko mara nne.

Tuseme kipimo cha kwanza ni milisekunde 120. Mtawanyiko ni 60, na muda wa kusubiri ni 120 + 240, yaani 360. Kipimo cha pili kikiwa 200, mtawanyiko unakuwa 45 + 20 = 65, wastani 105 + 25 = 130, na muda wa kusubiri 390. Sasa kipimo cha tatu kiruke hadi 520: mtawanyiko unapanda hadi 146.25, wastani unafika 178.75 tu, lakini muda wa kusubiri unaruka hadi karibu 764. Ona kwamba ni mtawanyiko, si wastani, uliomfanya mtumaji awe na subira. Njia inapoanza kuyumba, saa inalegezwa kabla wastani haujatambua lolote.

Andika masharti mengine matatu. Kabla ya kipimo chochote, subiri sekunde 1. Kila saa ikigonga bila uthibitisho, zidisha muda mara mbili. Na weka kima cha chini: waraka unataka kisipungue sekunde 1, ingawa Linux hutumia milisekunde 200.

Lipo pia tego. Ukituma upya pakiti yenye namba ile ile, uthibitisho ukifika hujui ni wa nakala ya kwanza au ya pili, na ukipima kwa nakala isiyo yake utaipotosha saa yako. Kanuni ya Karn, yenye jina la mhandisi Phil Karn, inasema usichukue kipimo kutoka kwa pakiti iliyorudiwa. Ukitumia namba mpya kila mara, kama nilivyosema kuhusu QUIC, tego lenyewe halipo, na hiyo ndiyo sababu tulihama.

Hatua ya saba: dirisha

Itifaki inayotuma pakiti moja na kungoja uthibitisho wake ni sahihi lakini ni goigoi. Fanya hesabu uione: picha ya baiti 500,000 ni pakiti 423 zenye baiti 1,184 za data, kwa milisekunde 300 kila moja, ni zaidi ya dakika mbili. Laini ya megabiti 2 kwa sekunde ingeimaliza picha hiyo kwa sekunde 2 hivi. Kwa hiyo ruhusu pakiti nyingi ziwe njiani kwa pamoja. Ngapi? Zidisha kasi ya njia kwa muda wa safari: megabiti 2 mara sekunde 0.3 ni biti 600,000, au baiti 75,000, yaani pakiti 62 za baiti 1,200. Chini ya hapo njia inakaa bure, na juu ya hapo unajaza foleni tu.

Mpokeaji naye ana haki ya kusema "polepole". Katika kila uthibitisho hutaja nafasi iliyobaki kwenye bafa yake, yaani hifadhi yake ya muda, na mtumaji haruhusiwi kuivuka. Nafasi ya dirisha katika kichwa cha TCP ni biti 16, hivyo baiti 65,535, na hilo lilikuja kuwa finyu: kwa safari ya milisekunde 200 linakuzuia kwenye megabiti 2.6 kwa sekunde hata laini iwe ya gigabiti, na ikabidi libuniwe chaguo la kulikuza. Sisi tulihesabu dirisha kwa pakiti badala ya baiti, tukaliepuka tatizo hilo bila jasho. Usisahau kueleza dirisha likifungwa kabisa kisha ujumbe wa kulifungua ukapotea: mtumaji apige hodi kila baada ya muda, la sivyo wote wawili watangojana milele.

Hatua ya nane: msongamano

Dirisha la mpokeaji halijui chochote kuhusu watu wengine walioko njiani. Unaweza kuwa na basi zima na stendi ya Arusha yenye nafasi tele, na bado ukakwama Tengeru siku ya soko. Kijenzi hiki ndicho wanafunzi wengi hukiruka, na bila hicho itifaki yako ni adha kwa majirani.

Tukio letu la asubuhi ile lilikuwa na kaka yake mkubwa. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho Berkeley, umbali wa mita 400 hivi, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alichunguza, na mwaka 1988 akachapisha mbinu ambazo TCP inazitumia hadi leo, hesabu ya mtawanyiko niliyoieleza juu ikiwa mojawapo.

Mtumaji hutunza dirisha la pili, lake mwenyewe, na hutuma kwa kadiri ya lililo dogo kati ya hayo mawili. Huanza na pakiti chache. TCP ya sasa huruhusiwa kuanza na hadi 10. Kila safari ikienda salama dirisha huongezeka maradufu, mpaka dalili ya kwanza ya kupotea. Hapo hulipunguza kwa nusu, na kuanzia hapo huongeza pakiti moja tu kwa kila safari. Saa ikigonga kabisa, huanza upya na pakiti moja. Kupanda kidogo kidogo na kushuka kwa kishindo ndiko kunakowafanya watumaji wasiojuana wagawane njia kwa usawa wa kuridhisha. Ziko mbinu za baadaye: CUBIC, ambayo Linux huitumia kama chaguo lake la kawaida, hushusha dirisha hadi asilimia 70 badala ya nusu, na BBR ya Google hukadiria kasi na muda wa njia badala ya kungoja hasara. Kwa itifaki ya kwanza, chukua ile ya zamani. Inaandikika kwa mistari ishirini na inaelezeka kwa mtu yeyote.

Kwa visanduku vyetu tuliongeza jambo moja lisilo katika waraka wowote wa TCP: mnara ukirudi, kila kisanduku husubiri muda wa nasibu kati ya sekunde 0 na 120 kabla ya kuanza.

Hatua ya tisa: kufungua na kufunga

TCP hufungua kwa jumbe tatu, kwa sababu kila upande unapaswa kuitaja namba yake ya kuanzia na kusikia kwamba imesikika. Ujumbe wa pili hufanya kazi mbili, ndiyo maana hazifiki nne. Namba ya kuanzia isiwe sifuri wala ya kukisika, ili mtu wa pembeni asiweze kupenyeza pakiti za uongo. Kufunga kueleze kwa kila upande peke yake, kwani mmoja anaweza kuwa amemaliza kusema huku bado anasikiliza.

Usimbaji fiche usiubuni mwenyewe. Tumia maktaba iliyokwisha kaguliwa, na uandike kwenye maelezo ni ipi na toleo gani.

Hatua ya kumi: jaribu kwa kuiharibu njia

Ofisini kila kitu hufanya kazi, kwa sababu njia ya ndani ya kompyuta haipotezi kitu. Kwenye Linux, iharibu kwa makusudi kwa netem, sehemu ya Linux inayoiga njia mbovu; amri hii huichelewesha kila pakiti milisekunde 100 na kupoteza asilimia 5:

sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 100ms loss 5%

Kumbuka kwamba pakiti na uthibitisho wake vyote hupitia hapo, kwa hiyo safari nzima itachukua milisekunde 200, na uwezekano wa kukosa kimoja kati ya viwili ni karibu asilimia 10. Kumbuka pia kwamba njia hiyo ya ndani hubeba pakiti za hadi baiti 65,536, hivyo kosa la ukubwa halitajionyesha mpaka ufike shambani. Rudi kwenye ile karatasi, uipitie safu ya kushoto kasoro moja baada ya nyingine, na usababishe kila moja: netem inaweza pia kurudufu, kuvuruga mpangilio na kuharibu biti. Tabia ikitofautiana na maelezo, amua kipi kina makosa kabla ya kurekebisha chochote. Kwetu sisi, mara nne kati ya kumi ilikuwa ni karatasi.

Ukimaliza, iondoe hitilafu uliyoiweka kwa sudo tc qdisc del dev lo root. Mwenzangu aliwahi kuisahau, akakesha usiku mzima akitafuta kosa ndani ya programu ambayo haikuwa na kosa lolote.